Mama alipoanza kukwama jikoni: mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema

Mama yangu alikuwa kijumbe wa mchezo wa kupeana pesa kwa zamu mtaani kwetu Tanga kwa miaka 19. Wanawake 24, kila mmoja shilingi 10,000 kwa wiki, na kaunta buku moja kubwa lenye jalada jeusi. Humo aliandika nani katoa, nani bado, nani kaomba abadilishiwe zamu kwa kuwa mtoto wake anaingia kidato cha kwanza. Watu wakitofautiana kuhusu hesabu, linaletwa daftari la mama, linafunguliwa, maneno yanaisha.

Nililipekua daftari hilo kwa makini siku tuliyotoka hospitali na jibu kwamba mama ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo, Machi 2022. Mpaka mwanzoni mwa 2020 kurasa zimenyooka, majina yako kwa mpangilio ule ule wiki hadi wiki. Katikati ya mwaka huo jina moja linaanza kuonekana mara mbili katika wiki moja. Kisha tarehe zinarukwa. Mahali pengine kaandika kiasi cha pesa, kakikata, kaandika kile kile tena pembeni. Mwanzoni mwa 2021 kuna kurasa mbili zenye majina matupu, hakuna pesa, hakuna tarehe. Daftari lote hilo lilikuwa juu ya kabati la vyombo, na sisi watoto wanne tulikuwa tunaingia na kutoka nyumba ile kila siku.

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye mzazi wako ameanza kuwa na kitu ambacho hukielewi, na kila ukitaka kusema unajiambia, labda ni mimi tu.

Kilichotupoteza sisi ni kwamba tulikuwa tunaangalia kumbukumbu. Mama hakusahau jina la mtu. Alikuwa anakutajia mashangazi wote wa Pangani, nani aliolewa mwaka gani, mahari ilikuwa kiasi gani, nani alichelewa kuleta. Tukawa tunasema, "Mama ana kichwa kuliko sisi." Kumbe mambo ya zamani yamekaa mahali ambapo ugonjwa huu unachelewa kufika. Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi na jirani zake, sehemu inayopokea jambo jipya na kulihifadhi. Sasa fikiria kazi yoyote yenye hatua kumi. Ili ufanye hatua ya tano lazima ujue kwamba ya nne umeshaifanya dakika mbili zilizopita. Mtu anaweza kukumbuka harusi ya 1974 na asijue kama chumvi ameshatia.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Akiitwa mtaani ni kwa pilau. Siku ya hitima ya marehemu baba, Desemba 2020, nilikuwa naye uani. Sufuria kubwa liko jikoni, vitunguu vimeshakuwa vya kahawia, vinaelekea kuungua. Pembeni vyote viko tayari: bakuli la tangawizi na kitunguu saumu, nyama na supu yake, viazi vilivyomenywa, mchele umerowekwa kwenye beseni, kisahani cha bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mama kashika mwiko, kasimama. Mkono ukaenda kwenye mchele, ukarudi. Ukaenda kwenye viazi, ukarudi. Akanitazama, akanipa mwiko, akasema, "Hebu shika mwanangu, nikaswali."

Ilikuwa saa nane na nusu. Adhuhuri tulikuwa tumeswali pamoja, alasiri ilikuwa bado.

Nikaimalizia mimi ile pilau. Aliporudi nilikuwa napalia makaa juu ya mfuniko. Akaniambia, "Sasa umejua kupika." Nilifurahi sana. Kwa mwaka mzima nilikuwa najivunia kwamba mama ameniachia jiko.

Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka ulichukue hapa. Katika nyumba zetu zenye watu wengi, ugonjwa huu unajificha nyuma ya mapenzi. Mama akikwama kupika, binti anapokea mwiko. Akichanganyikiwa kwenye simu, mjukuu anasema, "Bibi, lete nikutumie mimi." Akiona safari ya sokoni nzito, kijana wa bodaboda anapewa orodha. Kila mmoja anaondoa kipande kimoja cha kazi kwa heshima na adabu, na hakuna anayejua wenzake wameondoa vipande vingapi. Mzazi naye anasaidia kuficha, tena kwa ufundi mkubwa, kwa sababu ana hofu na ana aibu. "Macho yangu siku hizi." "Nimechoka, endelea wewe." "Nikaswali." Mtu anayeishi peke yake akiacha kulipa bili ya maji, maji yanakatwa, watu wanajua. Mama yetu maji hayakukatwa kamwe, maana mdogo wangu alikuwa analipa tangu 2019.

Wataalamu wanazigawa shughuli za mtu mafungu mawili. Kuna lile la msingi, ambalo daktari Sidney Katz na wenzake walilipanga mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka na kukaa, kuzuia haja, kula. Kuna la pili, ambalo watafiti Lawton na Brody walilieleza mwaka 1969 huko Marekani: kutumia simu, kufanya manunuzi, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa zake na kushika fedha. Alzheimer huanza kutafuna hili la pili. Lile la kwanza linaweza kubaki zima kwa miaka. Mama alikuwa anatoka kaoga, kanga zimepigwa pasi, marashi, udi umeingia kwenye nguo. Nani angesema huyu anaumwa?

Ila hayo mambo nane ya Lawton ukiyapima kwa bibi wa Kitanzania unaweza kudanganyika. Wengi wao hawafui tena wala hawaendi sokoni, na hiyo ni heshima ya umri wao, siyo ugonjwa. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliliona hilo wakatengeneza maswali yanayolingana na maisha ya wazee wa kule. Eneo hilo hilo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watu takriban 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, yaani kudhoofika kwa akili ambako Alzheimer ni aina yake mojawapo. Kwa hiyo kwa mzazi wako usiulize tu kama anapika. Uliza: kazi ile ambayo watu walikuwa wanamwita yeye kwa sababu anaijua kuliko wengine, bado anaifanya? Anaifanya mwenyewe, kwa mpangilio, mpaka mwisho? Kuozesha, kupatanisha ndugu, kukata nguo bila kupima mara mbili, kujua ng'ombe yupi amebeba mimba lini, kushika pesa za chama. Hapo ndipo panapobomoka kwanza.

Na usahaulifu wa kawaida wa uzee upo, usikimbilie hofu. Kutafuta miwani na kuikuta kichwani ni kawaida. Kusahau jina la mtu na kulikumbuka usiku kitandani ni kawaida. Kinachotakiwa kukushtua ni mtu kushindwa njia ya kazi aliyoifanya maelfu ya mara, na hali hiyo kujirudia na kuongezeka mwezi hadi mwezi.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Aprili 2021 bangili ya dhahabu ya mama ilipotea. Akamtaja binti wa kazi. Alitaja kwa uhakika kabisa, akaeleza na siku na saa aliyomwona chumbani. Tukamwamini mama, maana mama hajawahi kusema uongo. Binti alilia, akaapa, tukampa nauli ya Lushoto akaondoka siku ile ile. Miezi mitatu baadaye dada yangu alipokuwa akimimina unga akaikuta bangili ndani ya debe, imefungwa kwenye leso, fundo la mama. Dada alikwenda mpaka Lushoto na mshahara wa binti uliobaki na kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Walitusamehe. Binti hakurudi, na sikumlaumu.

Kuficha kitu, kusahau kwamba umekificha, kisha akili ikajaza pengo kwa kumpata mwizi, ni jambo la kawaida sana katika hatua hizi. Mgonjwa wa kwanza kabisa aliyeandikwa, Auguste Deter, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, na daktari wake, Alois Alzheimer, akatoa maelezo ya kesi yake mwaka 1906 huko Tübingen. Katika dalili zilizoelezwa na mumewe kulikuwa na kukosea mapishi, kuficha vitu na kuwatilia watu shaka. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mtu alishaandika habari za jiko la mama yangu na debe la unga, na sisi tulikuwa tunamfukuza mtoto wa watu. Tafadhali, kabla hujamwita mtu mwizi nyumbani kwa mzee, tafuta kwanza. Debe la mchele, chini ya godoro, mfuko wa koti la marehemu, ndani ya mto. Tafuta wiki nzima.

Wapo ndugu waliosema amerogwa, kwa kijicho cha mchezo. Sikugombana nao. Niliwaambia, fanyeni dua, nami nampeleka hospitali.

Kilichotusukuma hasa ni pesa. Mama alipata ule ujumbe ambao kila mwenye simu nchini ameshaupata, wa "ile hela itume kwenye namba hii." Miaka yote alikuwa akiufuta na kuwaonya wenzake. Safari hii akatuma 240,000, mchezo mzima wa wiki. Alipoulizwa alisema kwa utulivu, "Si walisema niitume?" Tukalipa wenyewe, na kimya kimya tukaanza kutafuta daktari.

Kituo cha kwanza tuliambiwa ni uzee, mpeni matunda. Ukiambiwa hivyo usitosheke. Hospitali ya pili daktari alituuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: mwaka juzi alikuwa anafanya nini nyumbani, na sasa anafanya nini? Tukaangaliana. Tulikuwa tumejiandaa kueleza anavyosahau. Akamwambia mama achore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mama akachora duara zuri, kisha namba zote kumi na mbili akazibana upande mmoja. Akacheka, akasema kalamu mbovu.

Kabla ya kusema Alzheimer yule daktari aliondoa mengine kwanza, na hapa nakuomba usimame pamoja nami kidogo, kwa sababu baadhi yake yanatibika. Tezi ya thairodi isiyofanya kazi vizuri inaweza kumfanya mtu azubae. Upungufu wa vitamini B12 pia, na wanaotumia metfomini kwa ajili ya sukari kwa miaka mingi wako kwenye hatari zaidi ya kupungukiwa. Kaswende ya zamani, VVU, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Sonona, hasa kwa mjane. Masikio yaliyoziba au kufifia: mtu asiyesikia vizuri anaonekana hajaelewa. Na dawa. Vile vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama klorofenirameni, ambavyo tunavinunua duka la dawa bila kuandikiwa, vinaweza kumvuruga mzee kichwa. Mama alikuwa anavimeza karibu kila usiku ili alale. Tulivikusanya vyote kwenye mfuko tukaenda navyo, na wewe fanya hivyo. Kama mzee alikuwa mzima juzi na leo ghafla hajitambui, hilo ni jambo jingine, mara nyingi ni maambukizi au dawa, mkimbize hospitali leo hii.

B12 ya mama ilikuwa chini. Akachomwa sindano, ganzi ya miguu ikapungua, uso ukachangamka. Daftari halikurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni daftari lako wewe. Kwa mwezi mmoja andika kazi, tarehe na kilichotokea. "Tarehe 4: alitaka kuweka salio, akaingiza namba ya siri mara tatu, akaitupa simu." "Tarehe 9: alirudi kutoka soko la Mgandini bila nazi, ndizo alizofuata." Usiandike "anasahau sana", haimsaidii daktari. Waulize na wengine kila mmoja kwa siri: wewe mama ulimpokea kazi gani, na tangu lini? Sisi tulipokaa wanne tukaunganisha, ikawa kama tumewasha taa.

La pili ni pesa na karatasi, na hili lifanywe mapema, mzazi akiwa bado anaelewa na anaweza kusema hapana. Mama mwenyewe alichagua dada yangu ashike akaunti. Hati ya kiwanja na wosia vilishughulikiwa mbele ya wakili na ndugu wote wakiwepo. Ukisubiri mpaka asielewe, mtagombana, tena vibaya. Kwenye simu yake tulibakiza kiasi kidogo cha kununulia vitu vyake, akitapeliwa basi ni hicho tu.

Dawa usimwachie kopo. Mama alikuwa anameza ya presha mara mbili siku nyingine, na siku nyingine hamezi kabisa, halafu tunashangaa presha haitulii. Tulinunua kile kisanduku chenye vyumba vya siku saba. Kabla hatujakipata tulitumia vile vimifuko vidogo vya duka la dawa, kila kimoja kimeandikwa siku, vimetundikwa ukutani kwa pini. Vilifanya kazi sawasawa. Alipoandikiwa donepezili daktari alituambia wazi kwamba inaweza kumsaidia kwa muda na haizuii ugonjwa kuendelea, na nashukuru alisema hivyo, maana ilituzuia kuhangaika na kila anayekuja na chupa ya dawa ya kurudisha akili.

Kuhusu maneno, nililazimika kujifunza upya kuzungumza na mama yangu. Niliacha "unakumbuka?" Niliacha "nimeshakwambia". Mjaribu mzee kwa maswali mbele ya wageni, "Mama, huyu nani?", utaona jinsi uso unavyoanguka. Sasa nikiingia na mgeni namsemea, "Mama, shoga yako wa barabara ya kumi na mbili kaja kukusalimia," na yeye anaendeleza salamu vizuri kabisa, anauliza watoto, anauliza mazao.

Na kazi usimnyang'anye yote. Hapa tulikosea sana baada ya kujua ugonjwa. Kwa hofu ya moto tukamwondoa jikoni kabisa, tukamkalisha sebuleni na televisheni. Ndani ya miezi miwili alikuwa anashinda kalala, haongei, usiku anazunguka. Tukamrudisha. Mtungi wa gesi tunaufunga sisi kwenye kichwa chake na hapiki peke yake, lakini kuchambua mchele ni kwake, kukuna nazi ni kwake, kutwanga iliki ni kwake. Mikono inajua mambo ambayo kichwa kimeacha kuyapanga. Kinachomshinda ni kujua kinachofuata, basi hicho kinachofuata ndicho ninachomsaidia. Navipanga vyombo kwa mstari, cha kwanza kulia kwake, vingine navifunika. Tunapika asubuhi, maana jua likishaanza kushuka huwa anachoka na kuvurugika.

Mchezo sasa anashika dada. Wale wanawake tuliwaeleza ukweli nyumba kwa nyumba, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Wakija na pesa bado wanampa mama mkononi, anahesabu, anampa dada aandike.

Ijumaa iliyopita tulipika pilau kilo mbili. Vitunguu alikaanga mwenyewe mpaka rangi aitakayo. Kisha mwiko ukasimama. Sikusema kitu, nikasogeza bakuli la tangawizi na saumu likagusa mkono wake, akalimimina. Nikasogeza nyama. Nikasogeza viungo, akavinusa kwanza, akapunguza mdalasini. Nilipochukua koleo nianze kupalia, akanishika mkono.

"Ngoja," akasema, "sijaonja chumvi."